Somo liko kwenye telefone, mega iko wapi?

Ndugu vijana wa Kisangani, kuanzia Makiso mpaka ng'ambo kule Lubunga, leo hatuzungumzii uchaguzi. Tunazungumzia mwalimu mmoja na telefone yake yenye kioo kilichopasuka.

Ni mwenzetu. Tulimaliza chuo pamoja, na kama sisi alikaa shomaje muda mrefu kabla ya kupata saa chache za kufundisha hesabu na fizikia kwenye sekondari moja ya Mangobo. Jina lake hatulitaji, hakutaka.

Machi 2020, serikali ilipofunga shule na vyuo sababu ya korona, sisi tulikuwa bado wanafunzi. Watoto wadogo angalau waliwekewa masomo kwenye redio, wengi mnaikumbuka Okapi École. Sisi wa chuo tulikaa nyumbani mpaka miezi ikapita. Mwenye bahati alipata PDF moja kwa rafiki. Mwenzetu anasema kitu hicho kilimbaki moyoni: siku akiwa mwalimu, darasa lake halitafungwa na mlango.

Alianza vibaya, tuseme ukweli. Alifungua grupu ya WhatsApp, akatuma video za nusu saa alizokuta YouTube, akangoja maswali. Hakuna swali. Siku ya tatu msichana mmoja akamwandikia: "Mwalimu, mega iliisha na video haiyaisha." Alicheka, kisha akanyamaza. Akahesabu: ile video ilikula mega ambazo mama ya mtoto angenunulia mboga.

Akabadili kazi. Sasa anaandika somo ubaoni, anapiga picha moja, anaongeza sauti yake ya dakika mbili, basi. Anasema kwanza kwa Kifaransa maana mtihani unakuja kwa Kifaransa, kisha anarudi kwa Kiswahili, na pale wanapokwama anatia Lingala. Mtoto anasikiliza mara tano bila kuogopa kuchekwa. Wakubwa wetu wa elimu wangekuja kusikia zile sauti, wangejifunza kitu.

Halafu akagundua Kiwix. Hii tunawaambia wote: ni programu ya bure, iko tangu 2007, inakuwezesha kubeba Wikipedia ndani ya telefone na kuisoma bila intaneti. Unapakua mara moja tu. Wikipedia nzima ya Kifaransa, bila picha, inaenea kwenye kadi ya memori ya giga 16. Ile ya Kiswahili ni ndogo sana, ni juu yetu kuijaza. Mwenzetu alipakua usiku kwa rafiki mwenye wifi, akaamka na macho mekundu, na toka siku ile kopi inatembea kutoka mkono hadi mkono, hakuna aliyelipa mega. Tulimkuta mwanafunzi wake mmoja ambaye mchana anaendesha toleka. Akingoja mteja, anasoma habari za mwendo na kani juu ya kiti cha baiskeli yake.

Wikipedia si Biblia, kosa lipo. Ndiyo maana mwalimu anabaki.

Sasa tuulize swali letu. Kama mtu mmoja anaweza hivi na mshahara ambao mara unakuja na mara haukuji, wale wenye bajeti wanafanya nini? Mwaka 2019 nchi ilipata Mpango wa Taifa wa Numeriki, Horizon 2025. Mwaka 2025 ulifika. Kilichotufikia sisi kwanza kabisa ni kodi ya RAM, iliyoanza 2020: hadi dola 7 kwa mwaka kwa telefone ya 3G au 4G, zikikatwa kwenye uniti za mtu hata akiwa na deni. Ilibidi raia wapige kelele mpaka ikaondolewa 2022. Na kura? Mto Tshopo unashuka humu humu mjini, bwawa lipo tangu enzi ya Wabeleji, lakini kuna mitaa ambako mwanafunzi analipa kijana wa jenereta ili telefone ipate chaji. Somo la bure, chaji ya kulipa.

Kuna jambo lingine ambalo wengi wanaogopa kulisema: silabusi. Chuoni kwetu, hatutakitaja, tulinunua silabusi kwa lazima. Jina lako lisipokuwa kwenye orodha ya walionunua, pointi zako zilikuwa na shida. Mmoja wetu alirudia mwaka hivyo, na baba yake hajui sababu mpaka leo. Tunajua profesa naye ana watoto, na mshahara wake ni aibu ya serikali kabla ya kuwa aibu yake. Lakini karatasi zilezile, zilizochapwa toka faili lililo kwenye kompyuta yake, zingeweza kuingia kwenye telefone za darasa zima kwa dakika kumi. Anayezuia faili hilo anajua anachozuia.

Kwa hiyo tunadai kwamba kila silabusi itolewe kwa faili bila malipo, na mwalimu alipwe na serikali kazi yake ya kuiandika. Tunadai pia kila komini ya Kisangani, Lubunga isisahauliwe tena, ipate chumba kimoja chenye kura na wifi kwa wanafunzi, kikiwa wazi hata jioni. Hatuombi majengo mapya. Vyumba vinavyofungwa saa tisa vipo.

Wakati tunangoja jibu, hatukai. Jumamosi hii saa nne asubuhi, Makiso, pale pa siku zote, tunagawa kopi ya Kiwix na sauti za masomo ya fizikia. Njoo na kadi ya memori, na telefone iwe na chaji, sababu pale pia kura hakuna.