Kabla hujamwachia fundi kompyuta, jiulize ndani mna nini

Hebu nikuulize swali moja tu. Kompyuta yako ikilala kwa fundi leo, wewe utapata usingizi?

Mimi sikupata. Nahariri video za harusi hapa Mji wa Kale, kwetu Kibokoni, tangu nilipoacha chuo mwaka wa pili. Mashine yangu ni HP EliteDesk 800 G3 Mini, kijisanduku cha kubeba kwa mkono mmoja, kilichokuja na diski ya kizamani ile ya kuzunguka. Mwaka jana diski ikajaa pomoni. Ukiwasha kompyuta, wapika chai, wainywa, ndipo inaamka.

Nikaipeleka duka moja mjini. Fundi akaitazama na kusema, "Dada, niachie. Njoo kesho uchukue." Nikamwachia. Nafika nyumbani ndipo moyo ukanipasuka: ndani mna kupamba tatu!

Wa Mombasa hawahitaji kuelezwa. Wewe mgeni, kupamba ni usiku wa wanawake pekee. Mabuibui yamevuliwa, nywele zimeachiliwa, bi harusi ameng'aa. Mara nyingi mlangoni simu hukatazwa. Ni mimi tu niliyeaminiwa kuingia na kamera. Mama mmoja wa bi harusi alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, hizi nyuso ni amana."

Asubuhi nilikwenda mbio. Diski yangu nikaikuta imechomekwa kwenye kompyuta nyingine, video inacheza, na vijana wawili wasiohusika wako pale na chai yao. "Nahakikisha tu faili zafunguka, dada," fundi akasema. Huenda alisema kweli. Lakini mimi nilichomwomba ni nafasi zaidi. Sikumwomba atazame. Nikachukua vitu vyangu nikaondoka.

Ndiyo maana leo nakwambia bila kuzunguka: kazi ya kubadilisha diski ya kompyuta ndogo ya mezani jifunze uifanye mwenyewe. Pesa utaokoa, sawa, lakini hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba diski ndiyo sehemu pekee ya kompyuta inayobeba siri za watu. RAM ikipotea, umepoteza RAM. Diski ikipotea, umepoteza amana. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na ni vyema ipo, ila video ikishasambaa WhatsApp hakuna sheria itakayoirudisha.

"Utaiunguza!" Nami niliambiwa hivyo, tena na kakangu. Sasa sikiliza kazi yenyewe ilivyo.

Kwanza, jua mashine yako yakubali nini. Tafuta jina kamili la modeli, usome mwongozo wake kwenye tovuti ya kampuni. Yangu ina nafasi ya diski ya inchi 2.5, na chini yake tundu la M.2. Ukienda dukani utakuta M.2 zafanana, lakini haziko sawa. Zile za NVMe, zenye kasi zaidi, kwa kawaida zina pengo moja kwenye meno yake. Za SATA huwa na mapengo mawili. Namba 2280 ni kipimo tu: upana milimita 22, urefu 80. Na kama wawaza Mac mini, tahadhari: kwenye za 2018 na 2020 hifadhi imechomelewa kwenye ubao. Huwezi kuibadilisha kwa bisibisi.

Pili, weka nakala ya kazi zako kwenye diski ya nje kabla hujagusa chochote. Hapa hakuna njia ya mkato.

Tatu, zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha ili umeme tuli ukutoke mwilini. Yangu ina skrubu moja nyuma, ya kuzungusha kwa vidole. Kwa sababu ya huu upepo wetu wa chumvi ilikuwa imeshika kutu, basi nikaibembeleza. Ukitoa kifuniko na kikalio cha diski, tundu hilo. Ingiza M.2 kwa mshazari, ilaze, kaza skrubu yake ndogo. Isikaze kama nati ya gari!

Nne, hamisha mfumo. Mimi nilitumia Clonezilla, programu ya bure inayoanzia kwenye flashi, ikanakili diski nzima. Soma mara mbili ipi ni diski ya zamani na ipi ni mpya, manake ukizigeuza utafuta kila kitu. Kompyuta ikawaka kutoka diski mpya, na chai yangu safari hii hata haijachemka.

Mwisho, ifunge kwa BitLocker kama una Windows Pro, na ule ufunguo wa dharura uuandike uuweke mbali. Hapo hata mashine ikiibwa, mwizi hafungui faili. Diski ya zamani usiiuze hivi hivi. Kufuta faili tu hakuziondoi, zaweza kurudishwa. Yangu iko kabatini, chini ya leso za mama.

Utaniuliza, sasa fundi ale wapi? Fundi ana kazi tele. Ubao ukiungua, sina kifaa wala ujuzi wa kuuchomelea, nitampelekea yeye. Lakini nitampelekea bila diski. Nayo pia ni heshima kwake: hakuna atakayemshuku kwa kitu ambacho hakukishika.

Wapo watakaokwambia hii si kazi ya msichana, au si kazi ya mtu asiye na cheti. Skrubu haijui cheti chako, wala haiulizi umevaa buibui au suruali. Nilipomaliza nilimpigia simu yule mama wa bi harusi, nikamwambia zile nyuso ziko salama. Sikumweleza habari za usiku ule. Pengine ningemweleza. Wewe usijiweke pahali pa kuchagua kati ya kusema na kunyamaza.