Kona ya Kompyuta: Ile programu ya kujibu maswali

Wengi mmeniuliza juu ya ChatGPT, iliyotoka Novemba 2022. Mimi naifungua pembeni ya Excel. Nikitaka wastani wa alama za watoto naiomba fomula, inanipa =AVERAGE(B2:F2), naibandika, basi; kazi inaisha kabla umeme haujakatika. Barua pia inanyoosha, ingawa Kiswahili chake kina maringo kidogo. Hesabu mbili tatu zihakikisheni kwa mkono, maana hukosea bila aibu.

Ila jamani, namba ya kadi ya mgao, majina ya watoto, habari za kesi yenu ya kwenda nchi ya tatu, msiyaandike humo kabisa! Yanakwenda kwenye kompyuta za kampuni huko mbali. Andikeni "mama fulani", jina mtajaza wenyewe kwenye Word.