Bahati ya mashine isiwe mbuzi kwenye gunia

Kwa miaka mingi sasa mashine za kamari zimetapakaa katika vituo vya biashara vya eneo la Mlima Kenya, kuanzia Karatina na Othaya hadi Kerugoya. Machifu wamezinasa, wazazi wamezilalamikia na wahubiri wamezilaani. Hata hivyo, kuna swali ambalo halijaulizwa kwa sauti ya kutosha: je, bahati inayouzwa humo ni bahati kweli?

Mashine ndogo kama hizo huendeshwa na mikrokontrola, yaani kompyuta nzima iliyobanwa katika kipande kimoja kidogo. Kazi ya kifaa hiki ni kutii amri, hakijui kubahatisha. Kikitakiwa kutoa nambari nasibu, programu yake hupiga hesabu tu. Msomaji na ajaribu kwa kalamu: chukua 1, zidisha kwa 5, ongeza 3, gawanya kwa 16, kisha ushike baki. Utapata 8. Ukirudia kwa 8 utapata 11, kisha 10, kisha 5, kisha 12. Asiyeijua kanuni ataapa kwamba nambari hizo zinajiangukia zenyewe. Anayeijua atakutajia inayofuata.

Kanuni halisi ni kubwa zaidi, lakini tabia ni ile ile. Bodi ya Arduino Uno, ambayo wanafunzi wengi huanza nayo, huzidisha kwa 16807 na kushika baki ya kugawanya kwa 2147483647. Isipopewa mbegu, yaani nambari ya kuanzia, hurudia mfuatano ule ule kila inapowashwa. Wengi huitafuta mbegu kwa kupima umeme kwenye pini isiyounganishwa na chochote, ilhali kipimo hicho hakiwezi kutoa zaidi ya thamani 1024. Mwizi mwenye subira atazijaribu zote kabla chai haijapoa.

Hatari hii si ya kubuni. Mwaka 2014, katika jimbo la Missouri nchini Marekani, iligunduliwa kwamba kundi lenye asili ya Urusi lilikuwa likirekodi mashine za kamari kwa simu, likikokotoa hali ya kanuni iliyomo ndani na kujua wakati wa kubonyeza. Mjuzi alivuna, wachezaji wa kawaida waliendelea kuomba bahati.

Dawa ipo, nayo si ghali. Ndani ya kifaa hicho hicho mna saa mbili zisizokwenda sawasawa. Tofauti zao ndogo zikikusanywa polepole huzaa mbegu isiyotabirika kwa urahisi. Lakini mbegu njema peke yake haitoshi. Mwenye programu anaweza kuipuuza nambari aliyoipata na kuamua mwenyewe mashine irudishe sehemu gani ya fedha ilizomeza. Kwa hiyo kukagua leseni iliyobandikwa ukutani bila kukagua programu ni kumtazama mbuzi akiwa guniani.

Wapo watakaosema: zipigwe marufuku zote, mjadala ufungwe. Sina machozi ya kuzililia. Lakini kifaa kinachoiendesha mashine ya kamari ndicho kinachoweza kutumiwa katika kufuli la lango, kengele ya wezi au rimoti ya gari. Huko nako nambari inayotabirika ni mlango ulioachwa wazi, na marufuku ya kamari haitaufunga.

Sheria ya Udhibiti wa Kamari ya 2025 imechukua nafasi ya ile ya 1966. Naisihi mamlaka husika isiruhusu mashine yoyote kabla programu yake haijapimwa na wataalamu wasio na maslahi katika biashara hiyo. Wala wataalamu hao hawako mbali. Mjini Nyeri kuna Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kilichopata hati yake mwaka 2012, na katika eneo lake kuna kiwanda cha vipande vya elektroniki. Vijana wanaofundishwa kuunda vifaa hivi wapewe pia jukumu la kuvifungua na kutueleza kilichomo. Mwananchi anayetumbukiza shilingi 20 zake ana haki ya kujua kama anashindana na bahati au na hesabu iliyokwisha kupigwa.