DJ Afro Si Mkalimani

Wasomi wetu wameshaamua: kijana wa Kibera au Kawangware, Nairobi, huingia kibanda cha video kumsikiliza DJ Afro akisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza kimempiga chenga. Upuuzi. Kijana huyo alifanya mitihani ya hesabu, biolojia, hata dini kwa Kiingereza hichohicho. Kibandani amefuata kitu kingine.

Kama kazi ya Afro ni kutafsiri, mpeni filamu ambayo karibu haina la kutafsiri. Mpeni The Pilgrim ya Charlie Chaplin, ya 1923, enzi za sinema bubu. Mfungwa anatoroka, anavaa nguo za kasisi alizoiba, anashukia mji mdogo wa Texas ambako waumini wanamngoja mchungaji mpya. Wanamlaki yeye. Sadaka ikikusanywa, anaipima uzito kwa mkono. Kisha anahubiri Daudi na Goliathi kwa vitendo vitupu, mpaka mtoto mmoja anampigia makofi.

Hakuna sauti ya mtu hata moja. Je, kibanda cha Kawangware kingenyamaza? Thubutu! Utamu wa kisa cha mtu kudhaniwa mwingine ni kwamba sisi tunajua wasichokijua waumini, na midomo inatuwasha. Msimulizi hutusemea. Angemteta stering, yaani mhusika mkuu, angemwonya, angewacheka wazee wa kanisa wanaogombania kumshika mkono jambazi.

Wajapani walilijua hilo mapema. Filamu bubu zilisimuliwa ukumbini na benshi, na watu walilipa kiingilio kwa ajili ya benshi fulani kuliko mwigizaji. Sauti ilipoingia kwenye filamu, mwaka 1932 mabenshi waligoma kutetea kazi yao. Na tazameni Who Killed Captain Alex ya Wakaliga, Kampala: manukuu ya Kiingereza yako chini ya picha, na bado msimulizi VJ Emmie anapayuka kwa Kiingereza juu yake. Anamtafsiria nani?

Wasomi hao wanalalamika kwamba Afro hufunika mazungumzo na kubuni yake. Hubuni, ndiyo, mtambaji gani wa ngano hakubuni? Suala la hakimiliki ni zito, lakini hilo ni kesi nyingine, na wanaomdharau mtazamaji wa Laini Saba, Kibera, hawakuja kumtetea mwenye filamu.

Wakili wa Kilimani, mtaa wa wenye nacho, naye, akitazama ligi ya Uingereza, huongeza sauti ya mtangazaji ingawa mpira anauona kwa macho yake mwenyewe. Hakuna aliyemwambia hajui kandanda.