Usimwite Mama wa Duka Mwizi, Laumu Jua

Wasee wa Migori na Homa Bay, hii maneno ya "soda feki" imezidi. Mtu ananunua soda saa nane mchana, anafungua, povu linamwagika hadi kwa kiatu, anaonja, gesi haiko. Papo hapo mama wa duka anaitwa mwizi, eti ameongeza maji. Maoni yangu ni haya: mara nyingi hapo hakuna mwizi. Kuna jua.

Skiza vile inaenda. Gesi ya soda ni kaboni dayoksaidi. Kiwandani inasukumwa ndani ya kinywaji kwa presha, halafu chupa inafungwa. Na hiyo gesi hukaa vizuri kwa maji baridi. Kwa presha ya kawaida ya hewa, lita moja ya maji yaliyo nyuzi 0 hushika karibu gramu 3.3. Yakifika nyuzi 20, hushika karibu gramu 1.7. Hiyo ni nusu! Na mchana wa Homa Bay kando ya ziwa hupita hizo nyuzi 20 mbali sana.

Sasa acha kreti juani. Bora chupa imefungwa, gesi bado iko, lakini nyingine imetoka kwa kinywaji ikajibana pale juu chini ya kifuniko. Presha imepanda. Ukifungua, inatoka mbio pamoja na povu, na wewe unabaki na maji ya sukari. Chupa hiyo hiyo ingewekwa kwa friji kabla ya kufunguliwa, gesi ingerudi kwa kinywaji polepole. Za plastiki ndizo mbaya zaidi, juu gesi hupenya kidogo kidogo kwenye plastiki yenyewe, na joto huharakisha.

Hata ziwani ni hivyo hivyo. Maji yakipata joto, oksijeni inayokaa ndani hupungua, na mwenye vizimba vya samaki hiyo siku halali.

Sisemi feki haiwezi kuwa. Angalia tarehe, angalia pete ya kifuniko. Kama ilikuwa imekatika kabla ufungue, uliza maswali. Lakini kama iko sawa, tulia. Mama wa kibanda anapata shilingi chache tu kwa chupa, na friji inakula stima. Ukimwita mwizi mbele ya steji nzima, wateja watahama, na jina lake halitarudi kama gesi.

Na nyinyi wa kuulizwa "moto ama baridi?" mnajibu moto: sawa, tumbo ni lenu. Lakini usichukue moto halafu udai ikuchome pua kama ya baridi.

Kwa wenye kuuza bila friji: weka kreti kivulini, funika na gunia lililoloweshwa maji, upepo utafanya kazi. Mzigo ukishuka kwa boda, uache utulie kwanza kabla ya kufungulia mtu.

Kwa hivyo kabla ya kusema feki, guza chupa. Kama ina joto, kesi imeisha.