Lubumbashi: Kutaka kuendelea si zambi, kuuza matumaini ndiyo zambi

LUBUMBASHI – Ukipita Katuba, Kenya ao Ruashi siku ya Mungu asubuhi, vipaza sauti vya makanisa vinashindana. Hubiri ni lile lile: mtoto wa Mungu hawezi kuwa masikini, leta mbegu, utavuna gari. Mama aliyekimbia Mitwaba na watoto wake, ambaye sasa anauza makala kwa mafungu kando ya barabara, anatoa franka za bunga ya jioni. Mwezi unaisha, hakuna kitu. Anaambiwa imani yake ni ndogo. Alipoteza shamba, akapoteza pesa, na sasa ananyang'anywa hata heshima yake mbele ya Mungu.

Uovu uko hapo. Hauko katika kutaka kuendelea. Maana wako pia wakristo wanaosema kwamba anayetafuta mali ameacha njia, na masikini akae tu akingojea mbingu. Hao nao wanadanganya, na mara nyingi wanasema hivyo wakiwa wameshiba. Katika mfano wa talanta, aliyekaripiwa ni mtumishi aliyefukia pesa udongoni. Paulo alitengeneza mahema. Mama anayetaka mtoto wake amalize masomo hana kitu cha kutubu.

Mapasta wa mbegu wanapenda sana Yeremia 29, pale Mungu anapoahidi watu wake amani na kesho njema. Wanasoma mstari wa 11, kisha wanafunga kitabu. Lakini barua ile iliandikiwa nani? Watu waliohamishwa kwa nguvu kutoka Yerusalemu mpaka Babeli. Mistari michache mbele ya hapo wanaambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto, waombee mji waliofikia. Kurudi nyumbani ni kisha miaka 70. Katika sura ya 28 yuko nabii mwingine, Hanania, aliyeahidi miaka miwili tu. Hesabu tamu! Alikufa mwaka ule ule. Sura hiyo haisikiki sana kwenye vipaza sauti.

Na mji huu, kati ya miji yote, haukupaswa kudanganyika. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1994 zilibaki karibu 30,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa kupenda, uliolipiwa na Benki ya Dunia. Je, wote hao walikosa imani kwa pamoja? Wengi wao walikuwa wakisali na kutoa sadaka. Kilichoporomoka ni mgodi wa Kamoto mwaka 1990, na pamoja nao kampuni ambayo utawala wa Mobutu uliikamua bila kurudisha kitu. Umasikini wa familia za Lubumbashi una sababu zenye majina na miaka, sawa na wa wale waliofukuzwa vijijini na bunduki.

Wamama wa likelemba katika soko wanaandika kila franka kwenye kaye. Kila mmoja anajua zamu yake, na akiuliza, anaonyeshwa. Kanisa linalosema linataka waamini wafanikiwe lifanye vile vile: kiasi gani kiliingia mwaka huu, watoto wangapi walilipiwa shule, wakimbizi wangapi walipata mtaji wa kuanzia. Pasta afungue kaye yake.