Tahajia ya Kiingereza na Lawama Isiyo Mahali Pake

Aghalabu mwanafunzi wetu akikosea tahajia ya Kiingereza huhesabiwa mzembe, ilhali kosa, kwa rai yangu, ni la taarikhi: kwani William Caxton alipoweka mtambo wa kupigia chapa Westminster mwaka 1476, matamshi ya irabu za Waingereza yalikuwa yangali yakigeuka, na chapa ikayathibitisha maandishi ambayo ndimi zilikwisha kuanza kuyahama. Herufi za k na gh katika neno knight, zilizotamkwa zamani, leo ni kama makaburi yasiyo na wa kuyazuru. Noah Webster wa Marekani, kwa kamusi yake ya 1828, alitaka kuisahilisha tahajia hiyo, akafaulu kwa machache. Nayo machache hayo Waingereza, wenye ghera na ukongwe wao, wengi wameyakataa.